Moja kwa Ishirini na Nne

Mchana napima malori, mizani ya Gilgil.
Ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, tarakimu nyekundu,
dereva akikodolea kioo kama mtahiniwa.
Nasema: umezidisha tani moja na nusu, weka kando.
Hapo ananitajia watoto wake wote kwa majina.

(Shuleni, mizani zilikuwa za shairi,
tukizihesabu kwa vidole, nane kwa nane.
Nilianguka. Labda ndiyo maana nikapewa hizi za chuma.)

Jioni, chumbani kwangu Free Area,
nafungua kopo la biskuti.
Mna tairi kumi, nimezikata kwenye patipati kuukuu
na kuzichora mitaro kwa sindano ya moto,
maana tairi kipara hata mtoto haiamini.
Mna spoku za baiskeli, ndizo ekseli.
Mna karatasi za fedha za pakiti za sigara,
madereva huniwekea; ndizo vioo vya pembeni.
Mna rangi za kucha alizoacha Chelimo alipoolewa Kapsabet:
nyekundu mbili, dhahabu moja,
na kijani ambayo hakuna kucha iliyowahi kuikubali.

Mama huuliza kwa simu: mtu wa miaka thelathini na minne
anachezea magari?
Sichezi, mama. Mchezo una kelele.
Hapa hata pumzi naibana,
kwa kuwa taa ya breki ni punje ya mtama
na chafya moja huipeleka mvunguni.

Lusweti wa Kimilili aliiona Leyland yangu ya kwanza
kando ya mashine ya risiti.
Hakuuliza bei. Aliinama, akachungulia chini, akasema:
propela shafti umeisahau.
Kweli, nilikuwa nimeisahau.
Mtu aliyelala chini ya lori miaka ishirini
hadanganywi na bodi.
Basi nijengee langu, akasema.

Miezi mitatu. Kila alipopanda mizani
nilihesabu boliti kabla ya kilo.
Nikagawa kila kitu kwa ishirini na nne:
ngazi, tangi la dizeli,
lile bonyeo la mlango wa kushoto,
kutu iliyoshika ukingo wa bodi kama ukoko wa sufuria.
Kutu niliipika kwa majani ya chai na gundi.
Nilijivunia kutu ile.
Nyuma nikaandika, kwa unywele mmoja wa brashi,
maneno yake: NITALIPA IJUMAA.

Alipoliona alinyamaza kitambo.
Kisha: mbona umeniwekea kutu?
Ndivyo lilivyo, nikamwambia.
Lilivyo nalijua, ndilo ninalolala ndani yake.
Nilidhani huku kwako lingepumzika.

Sikuwa na jibu. Foleni ilikuwa imefika barabarani, honi juu ya honi.

Nikarudi nalo. Nikakwangua chai kwa kijiti cha kiberiti,
nikanyoosha mlango kwa mgongo wa kijiko,
nyekundu mara tatu, mstari wa dhahabu,
na ile kijani, hatimaye, ikapata kazi: turubai.
Rimu nikazivika fedha.
Lakini ufa wa chesisi, ule nilioufunga kwa kibati
kama fundi wa Salgaa alivyofunga wake,
niliuacha. Uko juu ya propela shafti,
mahali atakapochungulia yeye tu.

Usiku nililipandisha kwenye mizani ya unga:
gramu mia tatu na kumi na mbili, mzigo ukiwemo,
punje kumi na saba za mahindi.

Asubuhi alilipokea kwa viganja viwili,
akalipindua kwanza, kabla ya kuitazama rangi.
Kidole chake, kinene kuliko tangi la dizeli,
kikatua juu ya kibati, kikakaa.

Hakusema kitu kuhusu hilo. Aliuliza: na hili kubwa je?

Nikatazama tarakimu.
Umezidisha kilo mia nne, Lusweti. Weka kando.

Akaweka kando.
Lile dogo likiwa kwenye dashibodi, pua mbele, likiangalia barabara.