Friza ya Ghorofa ya Pili

Walinikabidhi ufunguo, kibao cha jina mlangoni
na bajeti ya miaka mitano.
Kuhusu watu hawakuniambia neno.

Mboji ya vinamasi vya Estonia naijua:
nipe bonge gizani, nitakwambia ni la karne ipi.
Eneli sikumjua. Nilimrudishia sura yake ya kwanza
imetapakaa wino mwekundu kama aproni ya mchinjaji.
Akasema asante, akaiandika upya kwa sauti yangu,
nami nikamsifu. Yaani, nikajisifu.

Kila Jumatatu nilisema dakika arobaini.
Joosep alitazama theluji ikiishukia Tartu;
nikadhani anatafakari hoja zangu.

Halafu Februari, friza ikazimika usiku.
Sampuli mia mbili na kumi,
misimu mitatu ya kuzama matopeni hadi magotini,
zikawa uji mweusi unaochuruzika sakafuni.
Tauno alisimama pale, tambara mkononi, midomo mikavu:
"Kosa langu, profesa. Sikuhakikisha."
Nikakubali. Ee, nilikubali!
Nikamwambia tutazungumza, kwa ile sauti
niliyoichukia kinywani mwa msimamizi wangu.

Usiku wa tatu ndipo nilipokikumbuka
kidole changu mwenyewe kwenye swichi ya king'ora:
kilikuwa kinalialia, nami nina ripoti ya kumaliza.
Nikakizima. Nikaandika daftarini. Nikasahau.
Saa, tarehe, mwandiko wangu.
Kijana aliviona vyote, akabeba.

Kuna ukimya wa heshima na ukimya wa woga;
kwa macho ni chumvi na sukari, hadi uonje.
Mwaka mzima nilikunywa huu wa pili
nikauona mtamu.

Jumatatu sikusimama.
Niliketi kile kiti cha pembeni kinachoyumba.
"King'ora nilikizima mimi. Tauno, niwie radhi."
Hita ikagonga ndani ya bomba.
Tauno akakuna sikio.
Hakuna aliyesema lolote, muda mrefu,
kisha Eneli, macho mezani:
"Jedwali la pili… nadhani tarakimu zake si sahihi.
Nimejua tangu Novemba."

Tangu Novemba!
Ulimi ukainuka wenyewe, ndivyo ulivyozoea.
Nikaufungia nyuma ya meno,
nikamsogezea chaki.

Akaandika. Herufi zake ni ndogo,
zimelalia kushoto.
Sikuwa nimewahi kuziona.