Jina la Seva

Mtu akipiga hodi huitikiwa.
Aliyepiga hodi kwenye mashine yetu ya Kurasini
alikaripiwa:
ONYO. Huu ni mfumo wa kampuni.
Kila ufanyacho kinarekodiwa.
Asiyeruhusiwa atashitakiwa.
Chini yake kishale, kikipepesa jicho
kama mgambo aliyekwisha kuamua.

Miaka minne niliingia hivyo.
Jina, nenosiri, onyo.
Mimi Kidawa, niliyebeba betri zake
ghorofa tatu siku lifti ilipogoma,
nashukiwa wizi kila alfajiri
saa kumi na moja na nusu.

Jumamosi moja ya Machi, joto la kutoa jasho hata kibodi,
nilikwenda Mtaa wa Uhuru kumnunulia wifi yangu kanga,
mwanawe anatoka arobaini.
Muuzaji anakunjua, anakunjua,
mimi maua siyaoni, nasoma jina.
Na hapo, doti ya nne mkononi, likanijia:
salamu ya mashine ni kanga.
Inataka pindo. Inataka mji. Inataka jina.

Pindo nikalidarizi kwa nyota za kibodi,
sitini kwa upana.
Mjini nikatia ya kweli tupu:
diski imejaa kiasi gani,
jenereta ina lita ngapi,
chumba kina joto gani,
nani yuko zamu.
Jina nikaliachia hati ndogo ya amri
imtazame anayeingia, impe lake.

Mzee Mhando wa uhasibu:
*Hesabu zimelala salama, nawe ulale.*
Nasra, wiki ya pili kazini:
*Usiogope, humu kila kitu kina nakala.*
Mkurugenzi nikamwachia onyo lake.
Alikuwa akilipenda.

Ulimboka.
Ulimboka aliyefuta jedwali la makontena Februari
usiku, kwa amri moja, bila kujiuliza mara mbili,
asubuhi akasema mashine ina mapepo.
Nililala ofisini siku tatu
nikirudisha mstari kwa mstari,
na pole yake sikuisikia.
Kwake nikaweka fumbo, kama wake wenza wavishanavyo:
*Mkono huenda mbio, toba yaja kwa mguu.*

Jumatatu nilimwona kupitia kioo cha mlango.
Akasoma. Akakuna shingo.
Akatoka kununua chai, akarudi
na kikombe kimoja.

Wiki sita kanga ile ikamfunukia usoni,
kila aingiapo.
Ningeweza kuikunja. Vidole viwili tu.
Sikuikunja, na sitasingizia kazi nyingi.

Kisha masika. Jangwani hakupitiki,
umeme ukaondoka saa nane usiku,
nami niko Mtoni, kitandani, simu mkononi,
naingia kuona kama seva inapumua.
Pindo likaja, nyota sitini.
Lita arobaini. Joto thelathini na moja.
Zamu: Ulimboka.
Na pale pa jina langu,
pale nilipopaacha patupu
kwa kuwa fundi hajishonei,
palikuwa na maneno:

*Ile ya mguu imefika. Imelowa. Hodi.*

Ana ufunguo mkuu kama mimi.
Angeweza kulifuta fumbo lake mwenyewe
tangu siku ya kwanza.
Hili sikuwahi kulifikiri.

Nikafungua faili la jina lake,
nikafuta mkono, nikafuta mbio, nikafuta toba,
nikabaki na mstari mweupe
na mvua inapiga bati
na neno moja fupi lisilotaka kuandikika.
Kishale kikapepesa, kikapepesa.
Mafuta yakashuka, lita thelathini na nane.