Gae la Longpi

Kutoka Imphal barabara hainyooki hata ukiiapisha.
Inapinda, inajuta, inapinda tena,
na Ningreichon, dereva, anaigombeza gia
kama mtu anayemwamsha kaka yake mlevi.
Mbele kidogo mlima ulikuwa umetapika tope njiani.
Tukashuka. Tukangoja greda saa tatu nzima
tukila nanasi lililopakwa chumvi na pilipili,
pilipili iliyonikumbusha kila mtu anayenidai.

Mimi nilikuja kununua, niseme kweli.
Mfukoni nina orodha: vyungu kumi, birika mbili,
bei ya mwisho, namba ya wakala wa mizigo.
Milima haikuwemo kwenye orodha,
wala ukungu huu unaoingia bila hodi
na kukaa kwenye benchi pamoja na wageni.

Ngakuimi hana gurudumu.
Anaponda jiwe la kijivu kinuni mpaka liwe unga,
analikanda na udongo wa kahawia
kwa kiganja, si kwa vidole,
halafu anaanza kulizunguka.
Chungu kimetulia ubaoni. Mtu ndiye anayezunguka:
hatua, kidole gumba, hatua, kipande cha mwanzi,
ameinama, kinyumenyume,
na chini ya miguu yake sakafu imechimbika duara.
Nikauliza, miaka mingapi?
Akachuchumaa, akapima kina kwa kidole.
"Kutoka juu mpaka hapa ni baba.
Kuanzia hapa kwenda chini, ni mimi."

Mkewe, Wungreiphi, amejifunga kitanda cha mfumi kiunoni,
ncha ya pili imeshikwa na nguzo ya nyumba.
Akiegemea nyuma, nyuzi nyekundu na nyeusi zinakaza.
Akicheka, mstari unakwenda upande.
Alinionyesha mahali alipocheka mwaka jana,
wiki ya harusi ya binamu yake.
Hakufumua.

Jioni wakawasha moto uwanjani,
vyungu vikalala tumboni mwa kuni
mpaka vikawa vyekundu kama macho ya mwuguzaji.
Wakavichomoa kwa miti mirefu,
wakavisugua kwa majani mabichi, vikiwa moto vilevile,
moshi ukawapanda usoni,
na wekundu ukazama ndani ya weusi unaong'aa.
Ndipo kimoja kikasema: ta!
Kikubwa kuliko vyote. Kile nilichokwisha kukihesabu changu.
Hakuna aliyeguta. Mbwa tu alihama.
Ngakuimi akaokota kipande kipana, akakifuta kwa shati.

Usiku ukapakuliwa wali,
na nyama iliyokaushwa juu ya meko tangu Krismasi.
Mimi nikapewa bakuli jeusi, jipya, zima.
Yeye akala kwenye kile kipande.

Nikacheka peke yangu. Wakataka kujua.
Nikasema, kwetu tuna msemo: mfinyanzi hulia gaeni.
Ningreichon akaufikisha polepole,
akipanda kilima cha lugha kwa gia ya kwanza.
Kimya. Ukuni ukaporomoka mekoni.
Shuleni niliulizwa maana yake, nikajibu,
nikapata alama zote.
Sasa nilikuwa na tonge mkononi na sikujua pa kulipeleka.
Wungreiphi ndiye aliyeuliza,
macho makavu kabisa:
"Huyo aliyewaambia, alipita hapa lini?"

Asubuhi nililipia vyungu tisa.
Nikaomba na lile gae, nitaje bei.
Ngakuimi akatikisa kichwa: hilo si la kuuzwa, hilo ni sahani.
Ningreichon akapiga honi, kengele ya kanisa ikamjibu kutoka kileleni,
nami nikarudi ndani mara moja kuchukua koti.
Wungreiphi alikuwa amekwenda kuteka maji.
Kitambaa kilining'inia peke yake kwenye nguzo,
na pale mwishoni, penye nyuzi za alfajiri,
mstari mmoja mwekundu
ulikuwa umekwenda upande.