Ritifaa

Kule Kapchorwa mizani ilisoma kilo arobaini,
kompyuta ikasema: mtu huyu hayupo.
Chelang'at akapanda mlima tena na gunia lake,
kisa ritifaa, kialama kisichomzidi kiroboto.

Yeko aliziba ufa kwa dakika mbili,
kisha akakesha.
Aliandika jaribio, mistari sita ya Paithoni,
akaliweka peke yake kwenye faili, liazimike
kama kinu cha jirani.

Programu ya maziwa imeliazima,
ya karo pia, na ya zahanati fulani
ambayo Yeko hajawahi kuiona.

Kila usiku, kabla kitu hakijaruhusiwa kupita,
linabisha hodi kwa jina lile lile:
Chelang'at?
Kijani. Yupo.

Mwenyewe amelala huko juu, hajui anaitwa.