Zimwi Likujualo

Marguerite, ulikuja gerezani saa tisa usiku
na theluji ya Bafalo bado mabegani,
ukaketi upande wa pili wa kioo,
na kabla hujasema neno nikauliza:
bega lipi?

La kushoto, ukasema.
Nililivunja mwenyewe, mwaka ule wa daraja,
kwa nguzo ya chuma niliyoing'oa kama muhogo.
Tangu siku ile hushuka kidogo kabla hujapiga,
kiasi cha unene wa sarafu.
Madaktari wako hawalijui hilo. Mumeo halijui.
Nalijua mimi, niliyekaa miaka kumi na tisa
nikingoja lishuke ili nikwepe.

Ukanieleza habari za wageni.
Hawakuja na vyombo vya kung'aa wala tarumbeta.
Walishuka na mvua ya barafu ya Novemba,
wakaingia majumbani kwa nyuso za wenye nyumba.
Meya alikuwa Meya hadi aliposahau kupepesa macho.
Yule kijana wenu arukaye, Teodoro,
alimkumbatia mama yake jikoni
na mama akafunguka kifuani, kama ua.

Mashujaa mkaanza kuhojiana:
siku ya kuzaliwa, jina la mbwa, keki ya harusi.
Wageni wakajibu yote, bila kusita.
Kumbe mapenzi huandikwa juu juu,
hata mpita njia aweza kuyasoma.
Ndipo ukaikumbuka chuki yangu,
jinsi ilivyochimba.

Basi tukatolewa: mimi, Kutu,
na Bi Halloran wa Sumu,
na pacha wa Scarpelli waliowahi kuiba mto mzima,
na mzee Wendell, ambaye hata sisi tulimwogopa,
sasa anatembelea fimbo na kulalamikia chumvi ya supu.
Mkatupanga ndani ya ghala kuukuu la ngano kando ya ziwa,
kila mwovu mbele ya shujaa wake.
Kanuni ilikuwa moja: pigana naye.
Ukikutana na ngumi usiyoijua, piga yowe.

Ilikuwa kama harusi, ila meno yalikuwa chini.
Bi Halloran alikula mapigo mawili ya Nahodha wake
akapangusa mdomo:
"Huyu si wangu. Wangu huomba radhi kwanza."
Na yule kitu akayeyuka, suti na nishani zote,
akatiririka kuelekea mferejini.

Wewe nami tulipigana hadi kukapambazuka.
Nilikutambua kwa pigo la kwanza.
Sikusema.

Vita vyenyewe watavisimulia wengine, wenye nguo safi.
Nitasema tu kwamba Wendell hakurudi,
na fimbo yake ilikutwa juu ya barafu ya ziwa
imesimama wima, peke yake,
na kwa mwendo wa nusu saa kuizunguka
hapakuwa na unyayo wowote,
wa mtu wala wa kisicho mtu.

Kisha ukanifunga pingu. Hukuzikaza.

Leo umerudi. Kioo kilekile, kiti kilekile.
Hukuleta shukrani, na sikuzitarajia.
Umeleta picha: Desmond, mumeo,
anamenya viazi kwenye sinki,
mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni.
"Anapepesa macho," unasema.
"Anakumbuka kila kitu. Anacheka panapochekesha.
Leszek, niambie."

Hujawahi kulitaja jina langu.
Naisogelea picha hadi pumzi yangu inatia ukungu kiooni,
naufuta kwa kiganja, natazama tena.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha,
hubakiza kitu; na mimi, ningeweza,
ningekubakizia huyu.
Nataka kusema ndiye. Ndiye, nenda nyumbani, viazi vinapoa.
Mlinzi anagonga saa yake kwa ukucha.

Lakini Marguerite,
mtu huyu sijawahi kumpiga.