Shingo ya Jino

Mimi ni fundi wa kuta. Niulize Kadutu,
niulize Funu, kwenye ngazi za udongo
ambako nyumba zimeshikana mabega zisianguke:
nitakuonyesha msingi ulioanza kuchungulia,
nitakutajia mvua ngapi umebakiwa nazo.
Kilima nakisoma.
Mdomo wangu sikuusoma.

Daktari Ntakwinja akanipa kioo kidogo.
"Tazama hapa, Papa Cikuru. Na hapa."
Chonge limerefuka kama mtu aliyekonda;
halikukua, fizi ndiyo iliyolikimbia.
Na pale shingoni mkato, kabari safi,
kama mgomba uliopigwa panga mara moja,
mwenye panga akaitwa, akaenda, hakurudi.

"Unasuguaka namna gani?"
Nikamwonyesha hewani: kulia kushoto, kulia kushoto,
kwa mkono uleule unaolainisha saruji.
Macho yake yakacheka juu ya barakoa.
"Huo si mswaki, Papa. Huo ni msumeno."

Basi ni mama. Mama Nsimire
alitupanga mstari alfajiri, watoto saba, kikombe kimoja,
makaa yaliyosagwa, chumvi kidogo,
naye akasimama nyuma ya mlango, asituone, atusikie.
"Sisikii!"
Asiyesikika hakunywa uji.
Miaka arobaini na minane nimesugua ili asikie,
na yeye amelala Ruzizi, ng'ambo ya milango yote.

Sasa chai inanichoma, maji ya mtungi yananichoma,
na nikicheka kule Muhumba upepo wa ziwa
unaingia jinoni kama sindano.
Kwa hiyo sicheki. Watu wanasema fundi ana majivuno.

"Kuna njia," akasema, "lakini ina mpango wake."
Nikakaa sawa. Mpango ni lugha yangu.
Nyama itamegwa kaakaani, ulimi unapopumzikia,
kipande chembamba, upana wa ukucha,
kipandwe juu ya mzizi ulio uchi, kishonwe.
"Na lile shimo? Utaliziba kwanza, ama nyuma?"
Akaweka kioo chini, akaniangalia upya.
Nikamwambia: kwetu, mtelemko ukiliwa chini ya msingi,
ukimwaga udongo mpya juu ya pango tupu,
mvua ya Septemba inakuja kuchukua chake.
Lakini ukijaza mawe mpaka juu kabisa,
nyasi hazina pa kushika.
"Ndiyo hivyo," akasema. "Naziba sehemu ya juu tu,
hadi mstari ambapo fizi itafika.
Chini nalainisha, naacha jino libaki jino.
Nyama haipendi kulala juu ya plastiki."

Bei: ukuta wa mita sita, pamoja na mawe.
Tulielewana kwa mafungu matatu.

Ganzi iliua midomo, haikuua masikio.
Nilisikia uzi ukipita, nikahesabu: saba,
kisha nikapotea.

Wiki mbili za uji wa baridi.
Ajabu ni kwamba kaakaa ndilo liliuma, usiku kucha,
na jino lililofunikwa likanyamaza:
mkopeshaji analia, mkopaji amelala.
Vijana wangu walichanganya mchanga mimi nikiwa nimekaa juu ya ndoo,
nikiamuru kwa vidole kama bubu,
na ukuta wa Mama Faida ukasimama wima kuliko yangu yote.
Hilo sikuwaambia.

Leo asubuhi nimepewa ruhusa.
Mswaki laini, vidole vitatu, kama unashika kalamu,
kutoka fizi kushuka jinoni,
polepole, unavyomfuta machozi mtoto aliyekwisha kulala.
Hakuna sauti. Hata mimi sikujisikia.
Povu jeupe, halina damu.
Nikageuka, nikautazama mlango.

Nipo, mama.
Ninasugua.