Hesabu ya Sindano

Miaka thelathini na miwili nyuma ya cherehani,
Huruma, ghorofa ya nne, mlango wa kijani,
na sindano ikivunjika sikuinuka kitini
mpaka nimeiona ncha.
Nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu,
nikiipitisha sakafuni taratibu,
kwani mtoto hutambaa popote
na mteja huvua viatu.

Kisha sukari ikaingia nyumbani.
Ilimchagua Ogeto, mume wangu,
mtu wa chai ya maziwa, vijiko vitatu.
Insulini tukaihifadhi ndani ya chungu, kwenye mchanga uliolowa,
nami nikajifunza kubana ngozi ya tumbo lake
kama nibanavyo pindo.
"Polepole, fundi," husema, "mimi si kitenge."

Hizi sindano sikuzihesabu.
Fupi, nyembamba, hazikuwa na uso wa ubaya.
Nilizivingirisha kwenye gazeti,
nikazitia katika mfuko mweusi
pamoja na maganda ya viazi na ukoko wa ugali,
nikapiga fundo. Kilichovuka kizingiti
hakikuwa changu tena.

Ijumaa huja Mutisya, mzoa taka,
akibisha milango kwa kiwiko.
Ijumaa moja hakuja.
Ya pili akaja mdogo wake, hakusema kitu.
Ya tatu akaja mwenyewe, kidole gumba kimefungwa bandeji,
tumbo limechafuka kwa vidonge alivyopewa hospitalini,
vya siku ishirini na nane,
kisha apimwe, na apimwe tena.
"Ni sindano, mama. Sijui ya nyumba gani.
Mfuko ni mfuko."
Hakuniangalia.
Au aliniangalia, mimi ndiye niliyetazama ngazi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Na mwiba wangu ukikaa kwenye kidole cha mwingine,
pole hiyo naipeleka mlango gani?

Nilimshonea glavu za jinzi, tabaka mbili,
mshono nikaurudia mara tatu.
Akazivaa, akacheka.
Akaokota sindano ya cherehani mezani,
akaipenyeza upande mmoja, ikachungulia upande wa pili.
"Jinzi ni nguo, mama. Si ukuta."

Siku hiyo nikamimina dawa ya kufulia kwenye beseni,
chupa nikabaki nayo: ile nene, ya kifuniko cha kusokota.
Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:
SINDANO. USIFUNGUE.
Ogeto akishachomwa, sindano haivalishwi kofia,
haipindwi, haitui mezani;
inatoka tumboni, inaingia chupani, ncha ikitangulia.
Inaposhuka hulia *tik*,
nami huhesabu.

Robo tatu ilipofika sikungoja ijae.
Nikakaza kifuniko, nikazungusha utepe,
nikaibeba kikapuni hadi zahanati, chini ya sukumawiki,
ninaona haya kama niliyeiba.
Nesi Chelagat akaipokea kwa mikono miwili,
akaishusha ndani ya sanduku la manjano.
Zitachomwa, alisema, kwenye tanuri lao.
"Sitini na mbili," nikasema.
Hakuwa ameniuliza.

Ijumaa Mutisya aliunyanyua mfuko wangu kwa fundo,
akautikisa karibu na sikio,
kama mtu anunuaye nazi.
"Hamna kitu," nikamwambia.
"Najua," akasema,
na bado akasikiliza.